Adhabu ya Kaburi Haitungi Shairi

Kuna imani iliyokita mizizi kwenye madarasa ya fasihi, kwenye kurasa za utamaduni magazetini na kwenye vijiwe vya washairi chipukizi, kwamba maandishi ya giza hutoka moja kwa moja kwenye maisha ya giza. Mtu akiandika kaburi, basi kazika. Akiandika wazimu, basi kauonja. Mhusika wake akijiua kwenye ukurasa wa mwisho, wasomaji huanza kunong'onezana kama mwandishi mwenyewe yu salama. Ukibisha utajibiwa kwa methali: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Methali hiyo siikatai. Inasema maiti anaijua adhabu. Haisemi kwamba maiti anaisimulia. Kati ya kujua na kusimulia pana kazi, na kazi hiyo ndiyo inayopuuzwa kila tunapomsifu mwandishi kwa mateso yake tukaziacha sentensi zake. Nataka kuitetea hapa, na nitaitetea kwa mfano wa mtu ambaye wapinzani wangu humtaja kila mara kama shahidi wao mkuu: Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyeandika hadithi za kutisha na mashairi ya huzuni katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Hoja yao ikianguka kwa Poe, haina pengine pa kusimama.

Maisha yake yalikuwa magumu kweli, na sitaki kuyapunguza. Alizaliwa Boston tarehe 19 Januari 1809, mtoto wa waigizaji wa jukwaani. Baba aliitelekeza familia. Mama, Elizabeth, alifia Richmond Desemba 1811, kabla mwanawe hajatimiza miaka 3. Mfanyabiashara wa tumbaku, John Allan, akamchukua, na yeye na mkewe Frances wakamlea bila kumfanya mwana wao kisheria. Mwaka 1826 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Virginia akiwa na fedha zisizotosha, akajitumbukiza kwenye kamari, akatoka na madeni. Akagombana na mlezi wake, akajiunga na jeshi kwa jina la uongo, baadaye akaingia chuo cha kijeshi cha West Point na kufukuzwa mwaka 1831. Allan alipofariki mwaka 1834 hakumwachia hata senti. Mwaka 1836 Poe alimwoa binamu yake Virginia Clemm, msichana wa miaka 13, ndoa ambayo leo tunaikemea na tuna haki ya kuikemea. Januari 1842 Virginia, akiwa anaimba, alitokwa damu kinywani. Kifua kikuu kilimtafuna miaka mitano, na tarehe 30 Januari 1847 akafariki. Poe mwenyewe aliokotwa Baltimore tarehe 3 Oktoba 1849 akiwa hajitambui, karibu na baa iliyokuwa ikitumika kama kituo cha kupigia kura, akafa hospitalini siku nne baadaye. Alikuwa na miaka 40. Kilichomuua hakijajulikana hadi leo.

Mwenye orodha kama hiyo mkononi huona kazi ya uhakiki imekwisha kabla hajafungua kitabu. Mama kafa, kwa hiyo wanawake wanakufa hadithini. Mke anatapika damu, kwa hiyo kurasa zina damu. Mwandishi kanywa pombe, kwa hiyo wahusika wana wazimu. Kila kitu kinajieleza, na hakuna anayelazimika tena kusoma.

Lakini swali linalopaswa kutangulia ni nani aliyetufundisha kumsoma Poe hivyo. Aliyetufundisha ni adui yake. Tarehe 9 Oktoba 1849, siku mbili baada ya kifo, gazeti la New York Daily Tribune lilichapisha taazia iliyotiwa saini ya "Ludwig". Ludwig alikuwa Rufus Griswold, mhariri na mkusanyaji wa mashairi aliyekuwa na kinyongo cha miaka na marehemu. Poe aliwahi kuukosoa mkusanyo wake, na Griswold ndiye aliyekalia kiti cha Poe kwenye jarida la Graham's mwaka 1842. Taazia ile ilimchora marehemu kama mtu asiye na rafiki, mwenye kutangatanga barabarani na pepo wake. Mwaka 1850 Griswold aliongeza wasifu mrefu kwenye mkusanyo wa kazi za Poe aliouhariri yeye mwenyewe, na humo akazichezea barua za marehemu, akatia maneno ambayo Poe hakuyaandika. Ulaghai huo ulianikwa vizuri mwaka 1941 tu, pale Arthur Hobson Quinn alipoziweka barua asilia kando ya zile za Griswold na kuzilinganisha mstari kwa mstari.

Lipo baya zaidi ya hilo. Ili kuielezea tabia ya Poe, Griswold aliazima maelezo ya mhusika mmoja wa riwaya ya Mwingereza Bulwer-Lytton, The Caxtons, iliyokuwa imetoka karibuni. Yaani "maisha" ambayo vizazi vya wasomaji vimeyatumia kuzifafanua hadithi za Poe yalikuwa, kwa sehemu, yamenyofolewa kwenye hadithi ya mtu mwingine. Tukaambiwa ni wasifu.

Waliompenda nao hawakumsaidia sana. Baudelaire, aliyemtafsiri kwa Kifaransa na kumfanya maarufu Ulaya, aliipokea picha ileile ya mtu aliyelaaniwa. Alichobadilisha ni hukumu tu, laana ikageuka utakatifu. Mwaka 1933 Marie Bonaparte, mfuasi wa Freud, alitoa kitabu kikubwa chenye dibaji ya Freud mwenyewe, akidai kwamba karibu kila anachokiandika Poe ni mama yule aliyekufa Richmond, anarudi na kurudi kwa sura mbalimbali. Jengo, meli, paka, kisima, vyote mama. Mtoto wa miaka miwili na miezi kadhaa akapewa mzigo wa kuandika maktaba nzima.

Sasa tufanye jambo ambalo wenye imani hii hawalifanyi: tuangalie tarehe.

Virginia aliugua Januari 1842. Hadithi ya "Berenice", ambamo bwana mmoja anatawaliwa na meno ya mchumba wake hadi anayang'oa baada ya kumzika, ilichapishwa Machi 1835. "Morella" ikafuata Aprili mwaka huohuo. "Ligeia", hadithi ya mke aliyekufa anayerudi katika mwili wa mke wa pili, ni ya 1838. "The Fall of the House of Usher", na yule dada anayezikwa angali hai, ni ya Septemba 1839. "Eleonora", ambamo msichana mdogo, binamu wa msimulizi, anafariki katika bonde waliloishi pamoja na mama yake, hiyo ndiyo inayonukuliwa zaidi kama picha ya ndoa ya Poe. Nayo ilikwishachapishwa mwaka 1841, Virginia akiwa mzima na anaimba. Wanawake wanaokufa walikuwa wamejaa kwenye kurasa za Poe kabla kifo hakijabisha hodi kwa mkewe. Kama ugonjwa wa Virginia ndio chanzo cha hadithi hizi, basi ni chanzo kilichokuja nyuma ya matokeo yake.

Zilitoka wapi basi? Poe alilijibu swali hilo mwenyewe, tena kwa barua ya kikazi ambayo haina pozi la msanii. "Berenice" ilipowachefua baadhi ya wasomaji, mwenye jarida la Southern Literary Messenger, Thomas White, alilalamika. Poe akamjibu tarehe 30 Aprili 1835. Alikiri kwamba amevuka mpaka kidogo, na kwamba hadithi ilianza kwa dau: mtu alimwambia hawezi kuandika kitu cha maana kwa uzito juu ya mada ya ajabu kama ile. Kisha akamweleza White hali ya soko. Majarida yanayosomwa, hasa yale ya Uingereza, yamepata jina kwa hadithi za namna hii, ambazo zinachukua kinachotia hofu na kukikoleza mpaka kinakuwa cha kutisha, zinachukua cha ajabu na kukifanya cha kimiujiza. Ili usikilizwe lazima kwanza usomwe. Huyo ni kijana wa miaka 26 aliyekaa na marundo ya majarida, akasoma, akapima, akajifunza jinsi hofu inavyotengenezwa. Miaka mitatu baadaye aliandika hadithi ya dhihaka inayoyacheka majarida hayohayo na kanuni zao za kutisha watu. Mtu anayetapika uchungu wake hawezi kuitania kanuni anayoitapikia. Fundi anaweza.

Wapinzani watanikumbusha dibaji ya mkusanyo wake wa 1839, ambamo aliwajibu waliodai kwamba anawaiga Wajerumani. Alisema kitisho chake hakina asili ya Ujerumani, kinatoka rohoni. Unaona, wataniambia, kakiri. Mimi naisoma dibaji hiyo vingine. Hakusema roho ya Edgar Poe. Alimaanisha hofu zilizomo katika kila binadamu, ambazo mwandishi anazichimba bila kuhitaji majumba ya kale ya Ujerumani na mizuka yake. Mtu hahitaji kuzikwa hai ili aogope kuzikwa hai; hofu hiyo ilikuwa imeenea Ulaya na Marekani zama zile, na Poe aliichukua ilipokuwa, kwenye magazeti na kwenye mazungumzo ya watu, akaitengenezea "The Premature Burial" mwaka 1844.

Nikae kidogo kwenye "The Raven", maana ndilo shairi linalotajwa kuliko yote. Lilichapishwa tarehe 29 Januari 1845 kwenye gazeti la Evening Mirror la New York. Mwanamume amekaa usiku na vitabu vyake akimkumbuka mpenzi aliyekufa. Kunguru anaingia, anatua juu ya sanamu, anarudia neno moja tu kwa kila swali. Husemwa kuwa ni kilio cha Poe kwa Virginia. Virginia alikuwa hai wakati huo, na angeishi miaka miwili zaidi. Sikatai kwamba mume alikuwa na hofu. Lakini tazama shairi limejengwa kwa vitu gani. Kunguru alitoka kwa Dickens: Poe aliihakiki riwaya ya Barnaby Rudge, yenye kunguru anayesema, na akaandika kwenye uhakiki wake kwamba Dickens angeweza kumtumia ndege huyo kwa namna ya utabiri zaidi ya alivyomtumia. Mwendo wa mishororo aliupata kwa kiasi kikubwa kwenye shairi la Elizabeth Barrett lililotoka mwaka 1844, na hakuficha heshima yake: kitabu chake cha mashairi cha 1845 alikitabaruku kwa Barrett. Kisha, shairi likiwa limeshachapishwa na limeshapendwa, aliendelea kulirekebisha toleo baada ya toleo, neno hapa, mshororo pale, karibu mpaka mwaka aliokufa. Mwaka 1846 akaandika insha kueleza alivyolitunga hatua kwa hatua, kuanzia urefu, hisia inayokusudiwa, hadi sauti ya kibwagizo. Wengi hawaiamini insha hiyo kikamilifu, wanaona amejifanya mhandisi kuliko alivyokuwa, na mimi nakubaliana nao. Lakini masahihisho yapo, tunaweza kuyaona, na hakuna maumivu yanayorekebisha koma.

Hapa msomaji wa kwetu mwenye sikio la ushairi ana nafasi ya kuelewa jambo hili kuliko wengi. Aliyelelewa na mizani na vina anajua kwamba mtu haamki na huzuni akakuta kina cha kati na cha mwisho vimejipanga. Mtunzi wa shairi la tanzia analia, halafu anakaa kitako anahesabu mizani. Bila ile hesabu, kilio kinabaki cha jamaa na majirani tu.

Kisha kuna ushahidi ambao sijapata kuona wenye imani hii wakiujibu. Elizabeth Poe aliacha watoto watatu. Henry, mkubwa, alilelewa na babu na bibi Baltimore, akawa baharia, akachapisha mashairi machache, akafa mwaka 1831 akiwa na miaka 24. Rosalie, wa mwisho, alichukuliwa na familia nyingine ya Richmond, akaishi mpaka 1874, akafia kwenye nyumba ya kutunzia maskini Washington. Mama ni yuleyule, kifo ni kilekile, uyatima ni uleule. Rosalie labda aliteseka kwa muda mrefu kuliko kaka zake wote wawili. Mashairi ya Henry husomwa leo kwa sababu tu ya mdogo wake, na Rosalie hakuacha maandishi ya fasihi. Kama kidonda ndicho kinachoandika, kwa nini kiliandika kwa mkono mmoja tu?

Twende sasa Fordham, majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847, kwenye nyumba ndogo ya mbao nje ya jiji la New York. Mwandishi Mary Gove aliwatembelea na kuacha maelezo ya alichokiona. Virginia amelala juu ya godoro la majani makavu. Shuka ni nyeupe, safi, lakini blanketi hakuna. Amefunikwa koti kubwa la mumewe, na paka mkubwa amelazwa kifuani pake. Koti na paka ndiyo joto lake lote, pamoja na mumewe anayemshika mikono na mama yake anayemshika miguu. Kama mateso yanazaa fasihi ya giza, basi chumba kile kingepaswa kuzaa kazi kubwa kuliko zote.

Kilizaa nini? Kwanza, ukimya. Poe aliugua, na kazi zilizotoka mwaka 1847 ni chache mno. Ile ya Machi, wiki chache baada ya maziko, ni "The Domain of Arnheim", na ndani yake hamna kaburi: ni hadithi ya tajiri anayetengeneza bustani kubwa yenye uzuri wa peponi, aliyoikuza kutoka kwenye kazi yake ya 1842. Desemba likatoka "Ulalume", shairi la mtu anayeongozwa na miguu yake usiku hadi kwenye kaburi la mpenzi wake. Hilo nawaachia wapinzani wangu. Msiba wa Fordham uko ndani yake na sitajifanya siuoni. Mwaka 1848 akatoa "Eureka", kitabu kizima juu ya asili ya ulimwengu na nyota. Na rudi nyuma kidogo kwenye miaka ya ugonjwa, mke akiwa anatapika damu chumba cha pili: aliandika "The Spectacles" mwaka 1844, kichekesho cha kijana anayeona haya kuvaa miwani na kukaribia kumwoa bibi wa bibi yake. Mwezi uliofuata akawahadaa wasomaji wa gazeti la The Sun kwa habari ya kubuni ya puto lililovuka Atlantiki. Vichekesho vya Poe ni vingi, na vinaachwa nje ya vitabu vya shule kwa sababu haviingii kwenye picha ya mtu wa majonzi.

Kwenye barua ya Januari 1848 kwa kijana mmoja aliyemwuliza juu ya misiba yake, Poe alieleza jinsi mkewe alivyokuwa akikaribia kufa, akipona, kisha akikaribia tena, mwaka baada ya mwaka, na jinsi yeye mwenyewe alivyopoteza akili na kunywa vipindi hivyo. Ni barua ya kuhuzunisha sana. Humo hasemi kwamba maumivu yalimpa hadithi. Anasema yalimvunja.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba maisha ya mtu hayaigusi kazi yake. Ninachosema ni kwamba yanaigusa mahali ambapo hatupaangalii. Chukua fedha. Mpaka mwaka 1891 sheria ya Marekani haikuzilinda kazi za waandishi wa kigeni, kwa hiyo wachapishaji wa huko walikuwa wakichapisha vitabu vya Waingereza bila kulipa chochote. Nani angemlipa Mmarekani kwa riwaya wakati ya Dickens ni bure? Majarida ndiyo yaliyokuwa yakilipa, na majarida yalitaka vitu vifupi. Mkusanyo wa 1839 ulichapishwa kwa makubaliano kwamba faida yote ni ya mchapishaji, mwandishi apewe nakala chache tu za kugawia watu. Graham's ilimwajiri kama mhariri kwa dola 800 kwa mwaka, na ilimlipa dola 56 kwa "The Murders in the Rue Morgue", hadithi ya 1841 iliyoanzisha fasihi ya upelelezi tunayoijua. "The Tell-Tale Heart" ilimpatia dola 10. Kutokana na hali hiyo alijenga nadharia yake maarufu: hadithi isomwe kwa mkao mmoja, kila neno litumikie athari moja. Ufupi ule tunaoustaajabia, ule mkazo usiokupa nafasi ya kupumua, ulichongwa kwa sehemu kubwa na kodi ya nyumba na viwango vya malipo kwa ukurasa. Hayo ndiyo maisha yaliyoingia kazini. Mhakiki anayetafuta mama kwenye kila paka hayaoni.

Na matunda yake yalitufikia hata sisi. Mpelelezi Dupin wa Poe alimzaa Sherlock Holmes wa Conan Doyle, na Holmes akamsaidia Muhammed Said Abdulla wa Unguja kumbuni Bwana Msa, aliyeanza kuonekana kwenye Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Kilichovuka bahari kilikuwa ufundi: mpelelezi mwenye akili, rafiki anayesimulia, siri inayofunguliwa kwa hoja. Huzuni ya Fordham haikuvuka.

Najua nitakayojibiwa karibu na nyumbani: diwani ya Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu chake cha kisiasa, Kenya: Twendapi?, akakaa gerezani miaka mitatu, akaandika mashairi kwenye karatasi za msalani. Kitabu kilitoka 1973 na kikapata tuzo ya Jomo Kenyatta. Je, huo si ushahidi kwamba dhiki hutunga? Hapana. Gereza lilimpa mada, na mada ile ilimgharimu. Lakini aliingia gerezani akiwa mshairi tayari, mtoto wa Mombasa aliyekulia kwenye nyumba ya watunzi, ndugu wa Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga wa Mvita. Gereza la Kamiti alimofungwa lilikuwa na wafungwa wengi. Waliotoka na diwani kama ile tuwahesabu. Njaa humfanya mtu autamani ugali, lakini haimfundishi kuusonga. Kumwambia Abdilatif kwamba gereza ndilo lililomtungia ni kuwapa walinzi wa gereza heshima ya mashairi aliyoyaficha wasiyaone.

Na Euphrase Kezilahabi je? Riwaya yake Kichwamaji, ya 1974, inaisha kwa mhusika mkuu, Kazimoto, kujiua, na tangu hapo wasomaji wamekuwa wakiipima afya ya moyo wa mwandishi badala ya kuisoma riwaya. Riwaya yake ya awali, Rosa Mistika, ilikuwa imekwishapigwa marufuku mashuleni. Kezilahabi alikuwa msomi wa falsafa na fasihi, aliyeyajua vizuri maandishi ya Ulaya juu ya utupu wa maisha, na aliyekuwa anauliza maswali mazito kuhusu msomi wa Kiafrika baada ya uhuru. Alifundisha Dar es Salaam na Botswana, akaandika mpaka uzeeni, akafariki Januari 2020 akiwa na miaka 75. Kazimoto alikuwa hoja. Kumgeuza kuwa dalili ya ugonjwa wa aliyemwandika ni njia ya kukwepa kuijibu hoja hiyo.

Hili linaniuma kwa sababu lina wahanga. Nimekaa na vijana wanaoandika vizuri, wakaniambia kwamba hawajateseka vya kutosha kuwa waandishi, kama kwamba kuna ada ya machozi inayolipwa kwanza. Wapo wengine wanaoacha kulala, wanaoanza kunywa, wakidhani ndiko kazi inakotoka. Na wapo wanaougua sonona kweli, wanaosimama jukwaani kusoma mashairi ya kutaka kufa, na hadhira inapiga makofi kwa nguvu zaidi kadiri mashairi yanavyozidi kuwa meusi, halafu kila mtu anakwenda nyumbani. Hakuna anayewauliza wamekula nini, wana nani, wanataka kupelekwa kwa daktari. Tumewafundisha kwamba kidonda chao ni mtaji. Mtu anayeamini hivyo ataogopa kupona.

Walimu wa fasihi, nawaomba: mkifika kwenye kazi ya giza, wekeni wasifu pembeni kwa vipindi viwili vya kwanza. Mwulizeni mwanafunzi hofu imejengwaje, nani anasimulia, kwa nini sentensi zimefupishwa pale moyo wa "The Tell-Tale Heart" unapoanza kudunda chini ya sakafu. Wasifu uje baadaye, na uje na tarehe zake. Waandaaji wa majukwaa ya ushairi, mkiona kijana anaumia, mshikeni mkono kwanza, shairi litasubiri. Na wachapishaji, mwandishi akileta mswada wa huzuni msiuchukue umaskini wake kama sehemu ya kazi. Someni mswada, kisha mlipeni, na mlipeni kwa wakati. Poe alipata dola 10 kwa hadithi ambayo dunia bado inaisoma, na njaa yake haikuiongezea hadithi hiyo hata neno moja.